Mchi Aliyeazimwa na Nyigu

Jina alilobatizwa nalo lilikuwa Fermín Laureano, lakini ukifika mtaa wa nyuma ya kiwanda cha sukari cha Santa Rufina ukamuulizia Fermín, watakupeleka kwa fundi viatu. Yeye aliitwa Mchi. Jina hilo alipewa na wanawake, maana wao ndio waliomwona kwanza. Mama yake, Doña Eduvigis, alikuwa akitwanga kahawa uani kila asubuhi, na mtoto alipopata nguvu za kuinua mchi wa kinu akamnyang'anya kazi. Hakutwanga kama watoto wanavyotwanga, kwa kudonoadonoa. Aliunyanyua mpaka nyuma ya sikio, akaushusha kwa nguvu za kiuno, na majirani wote wakajua kwamba kwa Eduvigis kahawa iko tayari.

Siku vijana walipomwita kucheza besiboli kwenye kiwanja cha kando ya reli ya miwa, alisimama na gongo vilevile alivyosimama na mchi: miguu imepanuka, shingo imetulia, mikono juu. Mpira wa kwanza aliougonga haukuonekana tena. Walikuwa na mpira huo mmoja tu, kwa hiyo mchezo ukaishia hapo, na wenzake wakamnunia mpaka Jumapili.

Kipaji cha namna hiyo hakifichiki Santa Rufina, mahali ambapo hata padri anajua kutupa mpira wa kupinda. Akaja bwana mmoja wa kutafuta wachezaji, mwenye kofia ya ukindu, akala wali wa mbaazi jikoni kwa Doña Eduvigis, akasifu mbaazi kuliko zilivyostahili, na mwezi haukuisha Mchi akawa Marekani, amevaa koti la kuazima, anacheza katika miji midogo ambayo majina yake hakuwahi kuweza kuyatamka. Alikaa huko majira mawili ya joto. Mipira aliipeleka mbali kuliko mtu yeyote waliyewahi kumwona. Tatizo ni kwamba alitaka kuipeleka yote. Ukimrushia mpira wa magotini, anaupiga. Ukimrushia wa juu ya kofia, anaupiga. Ukimrushia wa kumkwepesha, nao anaufuata. Mwalimu wa timu akamwita, akamwambia kupitia kwa mkalimani, "Wewe kijana hujawahi kuuona mpira usioupenda." Wakamkatia tiketi ya kurudi.

Alifika nyumbani mchana, begi begani. Mama yake alikuwa anachambua mchele.

"Wamekurudisha?"

"Wamenirudisha, mama."

"Basi nawa mikono ule. Hapa napo uwanja una ukuta."

Na kweli ukuta ulikuwepo, na maskini ukuta huo. Majogoo wa Santa Rufina, wenye jezi za kijani, walimsajili Oktoba ile ile. Tangu hapo maisha yake yakaenda kwa mtindo mmoja: kiangazi anakwenda kucheza Mexico, Oktoba anarudi kwa Majogoo, Februari anapumzisha goti. Mwenye duka la mikate lililokuwa ng'ambo ya barabara alichoka kubadilisha vioo, akaweka wavu wa kuvulia. Januari moja Mchi aligonga mpira ukaangukia kwenye behewa la miwa lililokuwa linapita, ukaenda nao kiwandani, na mpaka leo wapo wanaoapa kwamba sukari ya mwaka ule ilikuwa na ladha ya ngozi.

Doña Eduvigis hakukosa mchezo hata mmoja wa nyumbani. Alikuja na mto wake wa kukalia, akakaa upande wa kituo cha tatu, mahali ambapo hakuna aliyethubutu kukaa hata yeye akiwa bado hajafika. Hakupiga kelele. Hakusimama. Wengine waliruka na kumwaga bia, yeye alijipepea kwa upepeo wa ukindu, taratibu, kama mtu anayesubiri daktari. Na Mchi alikuwa na mazoea: kila mrushaji alipojiandaa, yeye alitoka nje ya mstari wa kupigia, akainua macho, akautazama upepeo ule ukienda na kurudi, kisha ndipo akarudi kusimama. Watu walisema anaomba baraka. Hata yeye mwenyewe alidhani ni hivyo.

Alichokosa kilikuwa kimoja. Hakuwahi kuwa bingwa. Majogoo walikuwa timu ya kupendwa, si timu ya kushinda. Kila Oktoba Santa Rufina nzima ilisema mwaka huu ndio wenyewe, na kila Januari wakarudi kwenye miwa wakimlaumu mwamuzi. Waliozoea kushinda walikuwa Nyigu wa mji mkuu, wenye jezi za njano.

Sasa hapa lazima isemwe habari ya njano. Mwaka Mchi alipokuwa bado tumboni, Nyigu walichukua kombe kwa Majogoo kwa mpira uliopita nje ya mlingoti wa mpaka, ambao haukupaswa kuhesabiwa. Uwanja mzima uliona. Mwamuzi peke yake hakuona. Kuanzia siku hiyo Doña Eduvigis hakuruhusu njano kuvuka kizingiti chake. Kitambaa cha meza, hapana. Maua, hapana. Vifaranga walilala nje bandani mpaka walipobadilisha manyoya. Na kila mwaka tarehe ishirini na moja Januari, siku ya Bikira wa Altagracia, fainali ikiwa imepamba moto, alikwenda kwa miguu hadi kanisa la Bikira huyo huko Higüey, pamoja na wanawake wa mtaa, akawasha mshumaa na kuomba jambo moja: Nyigu washindwe.

Mwaka Mchi alipotimiza miaka thelathini na minane, mama aliongeza uzito wa ombi lake. Goti la mwanawe lilikuwa linavimba, na ilishasemwa kwamba Majogoo hawatamsajili tena. Kwa hiyo siku ya mchezo wa kwanza wa msimu, mbele ya majirani wote, alitamka nadhiri: mwaka huu atakwenda Higüey bila viatu, na Bikira ahakikishe kombe haliendi kwa Nyigu. Watu wakapiga makofi. Nani angejua.

Majogoo walitolewa kabla mifupa ya nguruwe wa Krismasi haijakauka. Na kule kwetu timu zikishatolewa, zile zilizobaki huruhusiwa kuazima wachezaji wao ili wamalizie msimu. Majina hutangazwa redioni, na mtu husikia akiwa mezani kwake kwamba kuanzia kesho ni wa timu nyingine.

Mchi alikuwa mezani. Mkewe, Nereida, alikuwa anakaanga ndizi. Mtangazaji akasafisha koo, akasema kwamba Nyigu, wenye haki ya kuchagua wa kwanza, wamemchukua Fermín Laureano wa Santa Rufina.

"Zima hiyo redio," alisema Doña Eduvigis.

"Mama, hata ukiizima, nimeshachukuliwa."

"Nimesema izimwe. Sijasema hujachukuliwa."

Nereida aliizima, mgongo wake ukitikisika kwa kicheko alichokuwa anakimeza. "Mama, ni wiki chache tu. Kuazimwa si kuolewa."

"Mimi nimeazimisha masufuria maisha yangu yote. Hakuna aliyenirudishia limepakwa njano."

Mchi alisukuma sahani. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na yale machache aliyokuwa nayo yalikuwa yamekaa kifuani muda mrefu. "Mama, nisikilize. Goti limekwisha. Oktoba ijayo Majogoo hawanitaki, unajua na mimi najua. Nimepiga mipira mpaka watu wamechoka kuhesabu, lakini siku ile ya mwisho, timu moja inaporuka na kukumbatiana katikati ya uwanja, mimi kila mwaka niko humu jikoni nasikiliza redio. Nataka kujua inavyokuwa. Mara moja tu."

Doña Eduvigis alikusanya punje za wali zilizoanguka mezani, moja moja, akaziweka kwenye ukingo wa sahani yake.

"Nenda," alisema. "Mlango huu ni wako. Lakini hiyo nguo yao isiingie humu ndani. Na uwanjani kwao mimi sikanyagi. Nilichomwambia Bikira nimeshamwambia. Siwezi kumwendea leo na hili, kesho na lile, kama mtu anayerudisha kitambaa dukani."

Kesho yake Mchi alivaa njano kwa mara ya kwanza, katika chumba cha wachezaji cha mji mkuu, na ilimbana mabegani. Mchezaji wa kati wa Nyigu, mmoja aitwaye Radhamés, mwepesi wa miguu na mwepesi zaidi wa mdomo, alimzunguka akimkagua.

"Jamani, jogoo kaingia kwenye kiota cha nyigu. Mzee, ukidungwa utawika?"

"Nikiwika utajua kumekucha," alisema Mchi. "Maana siku zote wewe huamka mchezo ukiwa nusu."

Wakacheka, na wakampenda. Mwalimu wao, Don Abelardo, mzee aliyetafuna kijiti cha kiberiti tangu asubuhi hadi jioni, alimwambia hana la kumfundisha. "Simama pale, fanya unachofanya. Ndiyo maana tulikuazima."

Lakini alichofanya hakikufanyika. Fainali ilikuwa dhidi ya Farasi, timu ya bonde la Cibao, na warushaji wao walimjua. Mpira wa kwanza, nje kidogo, anaufuata. Wa pili, chini, anaufuata. Wa tatu, haya, umekosa mara tatu, nenda ukakae. Mchezo wa kwanza hakupata kitu. Wa pili hakupata kitu. Kila aliporudi benchi alijaribu kukumbuka kilichotokea, na hakukumbuka. Ilikuwa kama mtu aliyekula akiwa anakimbia. Mrushaji akijiandaa, yeye alitoka nje ya mstari kama kawaida, akainua macho upande wa kituo cha tatu, akaona njano tupu kama shamba la alizeti, hakuna mahali pa kuweka jicho, basi akarudi haraka kusimama. Na mpira ukamkuta mwili umeshatangulia.

"Mchi, rudi kinuni," walimwambia kutoka majukwaani.

"Mpeni kahawa atwange."

Kisha habari ya nadhiri ikavuja. Dereva mmoja wa teksi wa Santa Rufina alishindwa kuishikilia, akaimwaga kwa abiria wake, na mji mkuu mzima ukapata maelezo: kumbe mama mzazi wa mtu amemfunga mwanawe kwa Bikira. Mashabiki watatu wa Nyigu, watu wazima wenye heshima zao, wakafunga safari. Nereida alimsimulia Mchi kwenye simu, na Mchi alilazimika kuketi.

"Wamekuja wamevaa nyeupe," alisema Nereida. "Wamejua wenyewe kwamba njano haiingii. Wameleta keki. Mama amewakaribisha, amewapa kahawa, amewauliza habari za wake zao. Mmoja, mnene, akasema, Doña, tunakuomba kwa unyenyekevu uifute nadhiri. Mama akamwambia, mwanangu, wewe ukiahidi kitu mbele ya watu huwa unakifuta na nini? Mnene akasema, lakini kijana wako hapigi mpira. Mama akammiminia kahawa nyingine. Akasema, najua. Nimemsikia."

"Amenisikia wapi?"

"Unadhani redio ya chooni inacheza yenyewe?"

Mchi akacheka peke yake kwenye simu ya ofisi ya klabu, mkono umefunika macho.

"Halafu?"

"Halafu akawaambia, huyo mtoto hajafungwa na mtu. Ana haraka. Hana pa kupumzikia. Wakamwangalia tu, hawakuelewa. Keki wameiacha. Ilikuwa na sukari ya njano juu. Ameikwangua yote kwa kisu, ndiyo tukaila."

Mchi alirudi hotelini na neno hilo. Ana haraka. Hana pa kupumzikia. Hakuna mwalimu, si wa Marekani, si wa Mexico, si Don Abelardo, aliyewahi kumwambia zaidi ya kwamba anapiga mipira mibaya. Lakini kujua ugonjwa si kupona. Jioni iliyofuata alijaribu kuhesabu pumzi kabla ya kusimama, akapoteza hesabu, akarudi benchi. Radhamés hakumtania tena, na hapo ndipo Mchi alipojua kwamba hali ni mbaya. Don Abelardo naye alitafuna kijiti, akasema bila kumtazama, "Mchezo wa mwisho ukianza, nitakuweka. Lakini usinipe sababu ya kukutoa."

Timu zilikuwa zimegawana ushindi, tatu kwa tatu. Ulibaki mchezo mmoja.

Siku ya Altagracia ilipita katikati. Wanawake wa Santa Rufina walikwenda Higüey kama kila mwaka, na Doña Eduvigis alikwenda nao bila viatu kama alivyoahidi. Wenzake walimwona akivua viatu mlangoni pake, akavifungia kwenye kanga ya kichwa, akaanza kutembea. Hakuna aliyethubutu kumuuliza ataomba nini. Hata Nereida hakuthubutu, na huyo huwa hanyamazi.

Mchezo wa mwisho ulipigwa jioni tatu baadaye. Watu walijaa mpaka kwenye ngazi. Mchi alisimama mara ya kwanza akafuata mpira wa chini, akakosa. Alisimama mara ya pili akafuata wa nje, akakosa, na mtu mmoja akamrushia ganda la karanga. Farasi walikuwa mbele kwa mabao mawili. Alipoondoka benchi mara ya tatu, wenzake wawili wakiwa wameshafika vituoni, alimwona Don Abelardo akigeuka kumtazama mchezaji wa akiba, kisha akabadilisha mawazo, au labda alichelewa tu.

Mrushaji alijiandaa. Mchi akatoka nje ya mstari, akainua macho kwa mazoea, bila kutarajia kitu.

Katikati ya njano ile yote palikuwa na kitu cha kijani.

Gauni la kijani, la kwendea kanisani. Mto wa kukalia. Upepeo wa ukindu, ukienda, ukirudi, taratibu, kama wa mtu anayesubiri daktari. Miguu yake ilikuwa imefungwa vitambaa na kuingizwa kwenye ndara za Nereida, na Nereida mwenyewe alikuwa pembeni, amejikunja kwa aibu ya waliowazunguka. Ndiye aliyesimulia baadaye yaliyosemwa huko juu.

Jamaa mmoja mwenye kofia ya njano alikuwa amemwambia Doña Eduvigis, "Bibi, umepotea njia? Majogoo walishachinjwa Desemba."

"Sijapotea. Nimekuja kumtazama mwanangu."

"Basi leo wewe ni Nyigu mwenzetu."

"Mimi? Mimi nimekuja kwa mwanangu. Nyinyi ni watu tu mliovaa vibaya karibu yake. Sogeza goti."

Akasogeza.

Mchi aliutazama upepeo ukienda na kurudi. Alivuta pumzi na pumzi ikafika chini. Akarudi kusimama, na mpira wa nje ulipokuja, akauona, akauacha upite. Mdakaji akamtazama kwa mshangao, kama mtu aliyemwona ng'ombe akikataa majani. Mchi akatoka tena, akainua macho tena, akarudi. Mpira uliofuata mrushaji alilazimika kuuleta katikati, na Mchi akaushushia kiuno chote.

Sauti yake waliijua hata vipofu. Ulipanda, ukapita juu ya taa, ukaenda kuangukia barabarani ambako magari yalianza kupiga honi. Wakaingia watatu, na Nyigu wakawa mbele kwa moja. Mchi alizunguka vituo vyote kwa mwendo wake wa mtu aliyebeba kabati, na alipopita kituo cha tatu akamtazama mama yake. Doña Eduvigis alikuwa ameketi. Anajipepea.

Farasi nao hawakuja kuuza sura. Wakasawazisha. Ikafika awamu ya mwisho, Nyigu wana watu wawili wameshatoka, na zamu ya Mchi ikaja tena. Mrushaji wa Farasi, aliyekuwa ameuona mpira ule ukipita juu ya taa, hakutaka kuuona mwingine. Akaamua kumtega: mipira ya kutamanisha, iliyokaribia kuwa mizuri. Huyu mzee ana njaa, alijua kila mtu nchini, huyu hajawahi kukiacha chochote mezani.

Mpira wa kwanza, nje. Mchi akatoka, akatazama juu, akarudi. Wa pili, chini, unamwita. Akauacha. Uwanja ulianza kunyamaza, maana ulikuwa haujawahi kuona jambo hilo. Mtu fulani akamsihi, "Mchi, piga basi." Wa tatu, juu. Upepeo ukienda, ukirudi. Wa nne ulikuwa mzuri, karibu sana uwe mzuri, mpira ambao angeufuata hata akiwa usingizini maisha yake yote, na ukapita mbele ya magoti yake ukaingia kwenye glavu, na mwamuzi akasema ni mbaya.

Mipira mibaya minne, mtu anapewa kituo cha kwanza bure. Mchi akaweka gongo chini taratibu, akatembea.

"Mzee," Radhamés alimwambia wakati wakipishana, "umewezaje?"

"Wewe piga. Mimi nitakuja."

"Kwa goti hilo?"

"Piga, Radhamés. Maneno utayamalizia nyumbani."

Radhamés akapiga. Mpira ukapita katikati ya wachezaji wawili, ukabingirika mpaka pembe ya ukuta, na Mchi akaanza kukimbia.

Wale waliokuwepo watakwambia mpaka leo kwamba hawajawahi kuona kitu cha polepole namna ile kikiwa na haraka kiasi kile. Alipita kituo cha pili akiwa amefungua kinywa. Goti lilikuwa linamuunguza. Mbele yake, kwenye kituo cha tatu, mwalimu msaidizi wa Nyigu alikuwa ameinua mikono yote miwili: simama, simama hapo, mpira umeshaokotwa. Ilikuwa amri ya busara. Mtu yeyote mwenye akili angesimama.

Mchi hakumtazama huyo. Alitazama juu yake, mahali alipozoea kutazama miaka yote, na akaona kitu ambacho hakuwahi kukiona tangu azaliwe. Doña Eduvigis alikuwa amesimama. Amesimama wima juu ya vitambaa vyake vya miguu, upepeo umeanguka, mikono yote miwili inachota hewa kuelekea kibao cha nyumbani, mahali pa kufungia bao, kama anayewaingiza kuku bandani mvua inapokuja.

Akampita mwalimu msaidizi kama hayupo. Mpira ulikuwa unakuja nyuma yake, aliusikia ukipasua hewa. Alijirusha kwa tumbo, mzigo wote ule, na mkono wake ukagusa pembe ya kibao cha nyumbani katikati ya vumbi, mdakaji akamwangukia mgongoni. Mwamuzi aliinama kutazama, akaitanua mikono yake chini: ameingia.

Basi ndipo alipojua inavyokuwa. Inakuwa vumbi mdomoni, Radhamés amekukalia shingoni anapiga mayowe sikioni, mzee Don Abelardo amemeza kijiti chake cha kiberiti, na watu ambao wiki tatu zilizopita hukuwajua wanakulilia kifuani. Inakuwa vizuri. Alikuwa amewaza kwamba labda itakuwa ndogo kuliko alivyoingoja, na haikuwa ndogo.

Walirudi Santa Rufina asubuhi, kwa teksi ya yule yule dereva mropokaji, ambaye safari hii aliendesha kwa adabu. Njiani Mchi alimuuliza mama yake alimwambia nini Bikira.

"Nilitembea bila viatu kama nilivyoahidi. Deni langu nililimaliza mlangoni mwa kanisa."

"Na ndani?"

Doña Eduvigis alitazama miwa ikipita dirishani. "Ndani nilimwambia, mama, na wewe ulikuwa na mwana mmoja tu. Sijui ungefanyaje kama wangemchukua Nyigu. Fanya hivyo hivyo."

Nereida akajifanya anatafuta kitu kwenye mkoba.

Walipofika, Mchi alivua koti la ubingwa, la njano ya kuumiza macho, jina lake limeshonwa mgongoni, akalitundika nje kwenye mlango wa banda la kuku, maana alikumbuka masharti. Majirani walikuwa wamejaa uani. Hakuna aliyempigia makofi, na hakuna aliyeondoka. Mwenye duka la mikate alikuwa wa kwanza kusema kitu.

"Ulikimbia vibaya sana," alisema.

"Najua."

"Lakini ulifika."

Ndipo wakaanza kucheka, ndipo kahawa ikatolewa.

Kabla ya Pasaka mwenyekiti wa Majogoo alikuja mwenyewe, akala wali wa mbaazi. Alisema ameona mipira minne ile. Kwamba mtu anayejua kugonga namna hiyo akijifunza pia kuacha, huyo bado ana miaka miwili ya kucheza, na baada ya hapo ana vijana wa kufundisha kusubiri. Mchi alisema atafikiri, huku Nereida akimkanyaga mguu chini ya meza, na kabla kahawa haijapoa alikuwa ameshakubali. Alicheza miwili hiyo, akaongeza wa tatu, na vijana aliowafundisha baadaye wote, kabla ya kupiga, hutoka nje ya mstari na kutazama majukwaani, ingawa wengi wao hawajui wanatazama nini.

Jioni ile mwenyekiti alipoondoka, Mchi aliingia jikoni kuchukua maji. Nyuma ya mlango, kwenye msumari wa aproni, lilikuwa limetundikwa koti. Lilikuwa limefuliwa na kupigwa pasi, na lilikuwa limegeuzwa ndani nje, mpaka njano yote imejificha na kubaki bitana nyeupe. Jina lake ungeweza kulipapasa kwa vidole, kwa nyuma, herufi kwa herufi.

"Mama," alisema, "Oktoba utaweka nadhiri gani?"

Doña Eduvigis alikuwa amempa kisogo, anachochea mbaazi.

"Ile ile," alisema. "Wewe si umesharudi?"